Je, Umati Una Dhamiri?



Huku kwetu Nanganga hatuna mbio za farasi. Mbung'o walikwisha kulikata shauri hilo zamani, kwa maana nagana wanayoieneza ni ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe. Hata Askofu Steere, alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mwaka 1876, walitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Masasi. Atakaye kuona farasi wakishindana sharti aende mbali, kama vile uwanja wa Ngong mjini Nairobi, ambako mbio hizo hufanywa tangu mwaka 1954. Au aende Lamu wakati wa Maulidi, aone vijana wakiwapanda punda bila matandiko na kuwakimbiza kando ya bahari, huku mji mzima umejipanga kuwashangilia.

Lakini kukosa farasi si kukosa umati. Siku Simba na Yanga wanapocheza, pita pale njia panda, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi. Vibanda umiza vimejaa hadi nje. Wengine wamevaa nyekundu, wengine kijani na njano. Wengine hawana habari na timu yo yote, macho yao yako kwenye simu, wanangoja kuona kama mkeka umetiki au umechanika. Bao likiingia, kelele husikika hadi ng'ambo ya pili ya kijiji, na watu wasiosalimiana tangu mavuno ya korosho wanakumbatiana kama ndugu. Hilo ni jema. Lakini dakika chache baadaye, watu wale wale wanaweza kumzunguka kijana mmoja aliyecheka wakati usiofaa, na asiponusurika mapema ataumia.

Tumeona yafaa tuulize katika kurasa hizi swali moja. Mtu anapokuwa ndani ya umati, je, dhamiri yake inabaki kuwa yake? Na umati ukitenda dhambi, nani atakayejibu mbele za Mungu?

Swali hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Yohana Krisostomo, yule ambaye sala inayoitwa kwa jina lake imo katika Kitabu chetu cha Sala, alikuwa Askofu wa Konstantinopoli. Mwaka 399 aliwakaripia Wakristo wake kwa sababu walikuwa wameliacha kanisa wakaenda kutazama mbio za farasi, tena siku ya Ijumaa. Mji ule ulikuwa na uwanja mkubwa wa mbio karibu kabisa na jumba la Kaisari, na watu walikuwa wamegawanyika katika vikundi vya ushabiki kwa rangi. Vikundi vikubwa vilikuwa viwili, Bluu na Kijani. Msomaji wa hapa Nanganga hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Zaidi ya miaka 100 baada ya mahubiri yale, katika Januari ya mwaka 532, watu kadhaa wa vikundi hivyo walihukumiwa kunyongwa kwa sababu ya ghasia. Mti wa kunyongea ukavunjika, na wawili wakaanguka wakiwa hai, mmoja wa Bluu na mmoja wa Kijani. Wakakimbiziwa kanisani. Siku ya mbio ilipofika, mashabiki wa pande zote mbili walimwomba Kaisari Justiniani awahurumie watu wale. Hakuwajibu. Basi mahasimu wakaungana, wakaanza kupaza neno moja la Kigiriki, Nika, yaani Shinda, ambalo siku zote walilitumia kuwahimiza waendesha farasi. Wakatoka uwanjani wakachoma mji. Kanisa kuu la Hekima Takatifu likateketea. Mwisho wake askari waliingia uwanjani wakawaua watu wapatao 30,000, kama alivyoandika Prokopio, mwandishi wa siku zile. Kanisa lilijengwa upya na kuwekwa wakfu mwaka 537, lakini waliokufa hawakurudi.

Tuangalie habari hii kwa makini, maana ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba umati ule ulianza kwa jambo jema. Waliomba huruma kwa ajili ya watu wawili waliokuwa wamejificha kanisani, nao ndio walioishia kuchoma kanisa. Basi nia njema ya mwanzo haimlindi mtu na mwisho mbaya. La pili ni kwamba askari nao walikuwa umati. Walikuwa na sare na amri, lakini kila mmoja wao angeweza kusema kama alivyosema shabiki: si mimi, ni sisi.

Hapo ndipo shina la jambo. Neno "sisi" ni zuri, nasi tunalitumia katika kila ukurasa wa gazeti hili. Tunalitumia tunapoungama dhambi zetu pamoja kabla ya Ushirika Mtakatifu. Lakini neno hilo lina vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza mtu huingia ili abebe mzigo pamoja na wenzake, na katika cha pili huingia ili auache mzigo wake mlangoni.

Wazee wa huku uwandani wanajua jambo hili kuliko vitabu. Mchezaji wa midimu akivaa kinyago si fulani tena. Anaweza kuruka, kutisha na kukimbiza watoto, na mambo ambayo siku nyingine yangemletea aibu, siku ile ni sehemu ya ngoma. Lakini wazee wanajua ni nani aliye chini ya kinyago. Akivuka mpaka watamwita kando. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ngoma na ghasia. Umati nao ni kinyago, kila mmoja wetu huuvaa, na hatari huanza pale ambapo hakuna ajuaye ni nani yumo ndani. Ndiyo maana hatuwalaumu Askofu Vincent Lucas na mapadre wa Masasi ambao hawakulitupa jando, bali walilitia ndani ya maisha ya Kanisa. Walijua kwamba watu hawawezi kuishi bila kukusanyika na kushangilia. Walichotaka ni kwamba mkusanyiko uwe na wazee wanaojua majina ya watoto.

Wengine watapinga wakisema: "Mnawaonea watu. Mara nyingi umati hauna kosa, wenye kosa ni waliouandaa." Wana haki kwa sehemu. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kule Moshi katika ibada iliyofanyika uwanjani, walipokuwa wakisongamana ili wakanyage mafuta yaliyoombewa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walikufa Dar es Salaam katika msongamano wa kumuaga Rais John Magufuli. Watu hao walikuja kuomba na kulia. Hakuna aliyekuja kuua. Watu wakibanana hadi kifua kinagusa mgongo, mtu hatembei tena kwa miguu yake, anachukuliwa kama gogo mtoni, na aliye nyuma hajui kwamba aliye mbele hapati pumzi. Kumlaumu aliyesukumwa ni kumwonea.

Huko Uingereza nako, mwaka 1989, mashabiki wa mpira walibanwa katika uwanja wa Hillsborough, na waliokufa kwa ajali ile wamehesabiwa kuwa 97. Kwa miaka mingi iliambiwa dunia kwamba kosa ni la mashabiki wenyewe. Mwaka 2016 baraza la mahakama lilitamka kwamba mwenendo wa mashabiki haukusababisha ajali ile. Basi ni dhambi pia kusema "umati ulifanya" wakati aliyefanya ni mtu aliyefungua lango bila kuhesabu. Neno "umati" linaweza kuwa kichaka cha walio ndani yake, na vile vile kichaka cha walio juu yake.

Kwa hiyo tunajibu hivi. Umati hauna dhamiri yake wenyewe, kama vile hauna moyo wala tumbo. Dhamiri zilizomo ni zile ambazo watu wamekuja nazo. Mtu asiyeweza kuuongoza mwili wake kwa sababu amebanwa, huyo hana hatia. Lakini aliye na mkono ulio huru ana hatia ya mkono wake, na aliye na kinywa kilicho huru ana hatia ya kinywa chake. Sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 23, inatukataza kuwafuata wengi katika uovu. Haisemi kwamba wengi watahukumiwa kwa pamoja. Inasema na mtu mmoja.

Hatuandiki haya kama watu tuliosimama juu ya mlima. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukifundisha, shule yetu ilicheza mpira na shule jirani. Mwamuzi alikuwa mwalimu kijana, mgeni katika wilaya. Alilikataa bao letu. Sisi tulisimama mstari wa mbele, tukapaza sauti kwamba huyu si mwamuzi bali ni mwizi. Wanafunzi wakaitikia. Sekunde chache tu zikapita, jiwe likaruka likampasua juu ya jicho. Mchezo ukavunjika. Jumatatu yake tuliwapanga wanafunzi wote tukauliza kwa ukali ni nani aliyetupa jiwe. Kimya. Saa ya mapumziko msichana mmoja wa darasa la sita akaleta madaftari ofisini, akatoa shikamoo, akayaweka mezani, akabaki amesimama. Tukamwuliza ana shida gani. Akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini: "Mwalimu, aliyetupa jiwe hatumjui. Aliyesema mwizi tunamjua."

Hatukumwadhibu. Hatukumshukuru pia, na hilo linatuuma hata leo. Jioni ile tulikwenda kumwona yule kijana, kitambaa kikiwa kimefungwa kichwani. Tukaomba radhi kwa niaba ya shule. Angalieni tulivyosema: kwa niaba ya shule. Hata katika kutubu tulijificha ndani ya "sisi". Hatukusema, "Ni mimi niliyekuita mwizi."

Na sote wa wilaya hii tunakumbuka Januari ya mwaka 2013, siku za mgogoro wa gesi, jinsi nyumba, ofisi na magari yalivyochomwa mjini Masasi. Malalamiko ya watu yalikuwa na haki kiasi gani, wengine watabishana. Lakini tangu siku zile hatujakutana na mtu hata mmoja aliyetuambia kwamba aliwasha kiberiti. Moto ulikuwa mkubwa, lakini wenyewe hawapatikani.

Basi tufanye nini? Tusiache kukusanyika. Tushangilie mpira, twende kwenye ngoma na harusi, tuandamane na matawi Jumapili ya Mitende. Lakini tukumbuke kwamba si mbali kutoka Mitende hadi Ijumaa Kuu, na kwamba siku zote mbili watu wa Yerusalemu walipaza sauti kwa pamoja. Tukumbuke pia mji wa Efeso, katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Watu walipiga kelele muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini. Aliyewatuliza hakuwa mtume bali karani wa mji. Aliwaambia tu kwamba mwenye neno aende barazani, kisha akawaruhusu waende zao. Kila umati unahitaji karani mmoja. Anaweza kuwa mama muuza vitumbua pale njia panda. Anaweza kuwa kijana anayemshika mwenzake mkono na kumwita kwa jina: "Issa, twende nyumbani." Mtu akiitwa kwa jina lake, kinyago huanguka.

Nao wazee wa kanisa wasisahau upande wao. Siku ya Kipaimara, wakati kanisa linapofurika, milango yote iwe wazi na watoto wasiwekwe kwenye msongamano. Hayo nayo ni mambo ya dhamiri.

Krisostomo aliona mji mzima ukimkimbilia farasi, akabaki na wachache. Lakini sala tunayoiita kwa jina lake haimwombi Mungu atupe maelfu. Inakumbuka ahadi ya Bwana kwa wawili au watatu waliokusanyika kwa Jina lake. Katika idadi hiyo hakuna awezaye kujificha, kwa maana kila mmoja anajulikana. Na tuombe ili hata tukiwa elfu moja, kila mtu awe kama mmoja wa wale watatu.

Bwana awe nanyi nyote.