Umbali Si Kadari

Mwanamke wa Lusu, wilayani Nzega, akikuta uvimbe mgumu usiouma kwenye titi, huenda akaambiwa asubiri, kwa kuwa aliyopanga Mungu hayapanguki. Neno hilo lina heshima yake, lakini tulipime. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 waliogundulika na saratani ya titi huwa hai miaka 5 baadaye. India ni 66, Afrika Kusini 40. Mungu ni mmoja na ugonjwa ni uleule. Tukiiita tofauti hiyo kadari, tutakuwa tunamsingizia Muumba kwamba anawapendelea wanaoishi karibu na hospitali. Kinachotofautiana ni wakati wa kugundua na ukamilifu wa tiba, na yote mawili yamo mikononi mwa binadamu.

Ndiyo maana nashikilia kuwa kinyama cha kupima uvimbe kichukuliwe katika hospitali ya wilaya, bila kumngoja bingwa. Watu wa Lusu, walioishi jirani na mgodi wa Golden Pride, wanajua kwamba mwamba hauhukumiwi kwa macho: hutobolewa, kipande kikaenda maabara, mlima ukabaki pale pale. Na titi ni hivyo hivyo. Daktari wa kawaida aliyefundishwa hupiga ganzi, hutoa vipande vyembamba kwa sindano nene, huvitia kwenye formalini, kisha vikasafirishwa hadi kwa mtaalamu wa patholojia, tuseme hospitali ya Bugando, Mwanza. Anayesafiri ni kinyama. Mama anabaki na wanawe.

Wapo wanaohofu kwamba asiye bingwa atakosea. Hofu hiyo ni halali, na dawa yake ni kanuni: jibu la maabara lisipolingana na kile mkono ulichogusa na picha ya titi ilichoonyesha, kipimo kirudiwe au mgonjwa apewe rufaa. Wengine husema uvimbe ukiguswa na sindano saratani husambaa. Lakini kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni miezi ya kungoja. Pingamizi zito zaidi ni hili: kuna faida gani kumwambia mtu ugonjwa ambao tiba yake iko mbali? Ila uvimbe mwingi wa titi si saratani, kwa hiyo wengi wataondolewa hofu bila kuuza ng'ombe kwa ajili ya nauli. Atakayekutwa nayo atasafiri akijua anachokifuata, tena mapema, wakati safari bado ina maana.

Basi imani inabaki wapi? Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anataka tabibu aheshimiwe kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Subira ni ya aliyekwisha kufanya lililo katika uwezo wake. Mashehe na mapadri wa Nzega na wahubiri hili waziwazi, na halmashauri inunue sindano.