Wangu Alirudi, Wake Hakurudi

Somo: Matendo 12:1-17, Luka 13:1-5

Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile mwanangu alipoingia kanisani kwa magongo, baada ya wiki saba wodini. Paja lake la kulia lina chuma ndani na taya bado linamsumbua akila, lakini yuko hai. Mliimba, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapewa kipaza sauti. Nilisema hivi: "Mwanangu yuko hai kwa sababu asubuhi ile niliamka saa kumi nikamwombea." Kanisa lote likasema Amina.

Viti vitatu nyuma yangu alikuwa ameketi dada yetu mmoja. Mwanawe ndiye aliyekuwa akiendesha ile boda boda. Wangu alikuwa abiria. Waligongwa na lori karibu na Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Wake tulimzika kabla wangu hajatoka chumba cha wagonjwa mahututi. Hata leo tunamwita dada huyo kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, na kila tukimwita tunamtaja marehemu. Naye pia alisema Amina.

Jumatano nikampelekea unga na sukari. Alinimiminia chai, akaketi, kisha akaniambia polepole, bila hasira, "Dada, hata mimi niliamka saa kumi."

Wacha niseme ukweli: sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Tunaposimama hapa mbele kusema Mungu amemrudisha mtu wetu, tunasema nini juu ya yule ambaye hakurudishwa?

Majibu ya haraka yapo, na nimeyasikia yote. Wengine husema labda kulikuwa na dhambi mahali, au imani ilipungua. Hilo Bwana Yesu mwenyewe alilikataa. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, alisema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia waliobaki hai akawaambia watubu wao. Kwa hiyo aliyepona hana ruhusa ya kumchunguza aliyekufa. Ajichunguze mwenyewe.

Wengine husema, "Siku yake ilikuwa imefika." Labda. Lakini mara nyingi tunasema hivyo ili tuondoke haraka matangani. Ni neno la kufunga mlango, na mama bado yuko ndani analia.

Basi tuache kushuhudia? Hapana. Nikinyamaza juu ya mwanangu nitakuwa mwizi wa sifa za Mungu. Nililala kwenye benchi la hospitali, nilimwona daktari akitikisa kichwa, na sasa kijana anaitisha chapati. Nitanyamazaje?

Kilichonisaidia ni Matendo sura ya 12. Herode alimuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Akamkamata na Petro, na usiku malaika akamtoa gerezani. Kanisa ni lile lile na Mungu ni yule yule. Hebu fikirieni mama yao wana wa Zebedayo, yule aliyewahi kumwomba Yesu viti viwili kwa ajili ya wanawe. Biblia haituambii alikuwa wapi Petro alipobisha mlango. Lakini Petro alipoingia alisimulia jinsi Bwana alivyomtoa, basi. Hakusema alitolewa kwa sababu yeye aliombewa vizuri kuliko Yakobo. Luka naye hakutoa sababu.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Shukrani haikuwa kosa. Kosa lilikuwa lile neno "kwa sababu." Nilimshukuru Mungu kwa zawadi, halafu papo hapo nikaonyesha risiti, kana kwamba nilikuwa nimeinunua. Na ikiwa saa kumi yangu ndiyo ilinunua uhai, basi saa kumi ya dada yangu ilikuwa pesa bandia. Nani kati yetu anaweza kumwambia hivyo machoni? Neema ikishakuwa mshahara si neema tena.

Kuna jambo jingine. Wiki mbili baada ya kurudi, kumbukumbu za kijana zilianza kukaa sawa. Jioni moja akaniambia, "Mum, kulikuwa na helmeti moja tu. Mvua ilikuwa inaanza. Jamaa aliivua akanipa, akasema abiria kwanza."

Nililia hadi usiku. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa kusema Mungu alimlinda mwanangu, na ni kweli alimlinda. Lakini sikusema ni kwa mkono wa nani, maana sikujua, na pia sikuuliza. Mkono wenyewe ulikuwa wa mtoto wa yule mama niliyempelekea unga.

Tulikwenda kwake, mimi na kijana na magongo yake, naye akamweleza mwenyewe. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo ndiye mwanangu kabisa." Akamshika mkono, wakakaa hivyo hadi giza likaingia.

Tulikuwa tumepanga sherehe ya shukrani: hema, viti na mbuzi. Tumeiacha. Pikipiki ile ilikuwa ya mkopo, na wadai bado wanampigia mama simu. Sadaka yetu ya shukrani imekwenda huko. Si malipo, maana helmeti ile hailipiki. Ni kwamba furaha yetu isiwe na mlango uliofungwa usoni pake.

Swali la dada yangu bado sijalijibu, na sidhani nitalijibu upande huu wa mbingu. Lakini nimemwomba mchungaji nafasi ya kurudia ushuhuda wangu, na dada amekubali kuketi kando yangu. Safari hii nitasema kilichotendeka na nitamtaja aliyenipa. Lile "kwa sababu" nitamwachia Mungu.

Kwa tafakari ya ushirika wa nyumbani: wiki hii, ni nani amekuwa akisema Amina kwa ushuhuda wako huku moyo wake ukivuja damu? Mtembelee. Usiende na jibu. Nenda ukae.