Mlinzi si Mtoza Kodi



Mji unapompa mtu sare, silaha na madaraka ya kukamata, humkabidhi amana. Je, yafaa mlinzi huyo aagizwe pia kuijaza hazina ya mji?

Tuutazame mji mdogo wa Ferguson, katika jimbo la Missouri, Marekani, uliokuwa na watu wapatao 21,000 mwaka 2010. Kwa miaka mingi wakazi wake wengi walikuwa Wazungu. Kufikia mwaka 2010, theluthi mbili walikuwa Weusi. Lakini katika askari wake 54, Weusi walikuwa wanne tu. Tarehe 9 Agosti 2014 askari mmoja alimpiga risasi na kumwua kijana Mweusi asiyekuwa na silaha, na mji ukawaka hasira. Askari huyo hakushtakiwa, lakini Wizara ya Sheria ya nchi hiyo iliichunguza polisi nzima, ikatoa taarifa Machi 2015.

Lililodhihirika ni kwamba wakuu wa mji walikuwa wakiwahimiza polisi waandike faini nyingi ili bajeti itimie. Mwaka 2013 pekee mahakama ya mji ilitoa hati zaidi ya 9,000 za kukamata watu, nyingi kwa makosa madogo. Mwanamke mmoja maskini aliegesha gari vibaya mwaka 2007, akatozwa dola 151 na ada juu yake. Aliposhindwa kulipa kwa wakati, alikamatwa mara mbili, akakaa korokoroni siku sita. Kufikia mwisho wa mwaka 2014 alikwisha lipa dola 550, na bado akidaiwa 541!

Pengine utasema: mvunja sheria na alipe, na mji hauendeshwi bila fedha. Ni kweli. Lakini faini ni dawa ya kosa. Tabibu anayetamani maradhi yazidi ili auze dawa, si tabibu tena. Hali kadhalika baraza linalotegemea faini: raia wakinyooka, hazina hupungua. Hapo wema wa watu hugeuka hasara ya mji.

Wala ubaya hauishii kwa wakubwa. Askari anayepimwa kwa idadi ya faini hujifunza kumwona jirani kama shamba la kuvunwa. Raia naye hujifunza kumkimbia mlinzi. Hata akiibiwa, hendi kushtaki. Mji huwa na polisi, usiwe na ulinzi.

Mwaka 2016 Ferguson ulikubali, chini ya usimamizi wa mahakama, kuirekebisha polisi yake. Ni jambo jema. Lakini kila mwenye kuajiri mlinzi, hata wa soko au mtaa, na ajiulize mapema: nitamsifu kwa lipi? Akisifiwa kwa amani, ataitafuta amani. Akisifiwa kwa fedha, ataitafuta fedha, na wa kwanza kunyang'anywa watakuwa wanyonge.