Ndege Niliyemfukuza

Msomaji mwenzangu, nina swali, na tafadhali usicheke. Je, ni haki mtu kulipa nauli kwenda kumstarehekea ndege ambaye mtu mwingine analazimika kumfukuza ili apate kula?

Mimi ni mtoto wa Keza, wilaya ya Ngara. Kwetu mtama ukianza kutia maziwa, mtoto hana tena usingizi wa asubuhi. Unapanda ulingoni jua halijatoka, mkononi debe bovu na manati, na kazi yako ni moja tu: kuamia ndege. Ndege hawana Jumapili, bwana! Nilijua mnana anavyotuma mmoja mbele kupeleleza, nikajua saa wanayokuja na mti wanaotua kwanza, kabla sijajua jedwali la saba.

Siku moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, akatua kwenye bua ndege mwekundu kama kaa la moto, tumbo jeusi tititi. Akajitutumua manyoya, akaruka juu kidogo akivuma kama nyuki, akatua tena. Debe likanitoka mkononi. Sijui nilimtazama kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipozinduka, pembe nzima ya shamba upande wa bondeni ilikuwa imebaki makapi, na wenzake walikuwa wameshiba wanajisafisha midomo.

Mama hakunipiga. Laiti angenipiga! Wakati wa mavuno alipima mtama kwa debe, akapima tena, akakaa kimya. Mwaka ule sare mpya sikupata, na dada yangu naye hakupata, ambaye hata huyo ndege hakumwona.

Basi, nikamaliza kidato cha nne, nikaja Mwanza kutafuta maisha. Mchana natoa fotokopi za watu, usiku naandika riwaya yangu isiyokwisha. Tuko vijana watatu tunaosomeana kazi zetu Jumamosi. Mwenzetu mmoja akaazima darubini, akasema: waandishi gani ninyi, kila mti kwenu ni "mti" na kila ndege ni "ndege"? Twendeni Saanane.

Safari yenyewe haina makuu. Ni kukubaliana siku, kuchanga nauli na kiingilio, kuamka mapema kabla joto halijawatuliza ndege, kuacha shati jeupe nyumbani na kufunga mdomo. Hilo la mwisho lilitushinda. Boti inachukua dakika chache tu kutoka upande wa Capri Point, na hapo umeshaingia katika hifadhi ya taifa, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2013, mji ukiwa bado unaonekana nyuma yako. Tulimwona pimbi ameanika tumbo juu ya jabali. Tulimwona mdiria amesimama hewani, mabawa yanapiga papo hapo, kisha akajitosa ziwani kama jiwe na kuibuka na dagaa. Nilifurahi kama mtoto. Kumbe furaha ile nilikuwa naijua. Ilikuwa ile ile ya ulingoni, ila safari hii hakuna aliyekosa sare.

Ndipo nikajua jina la kisiwa limetoka wapi. Ni la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akilima na kuvua hapo hadi miaka ya 1960, serikali ilipomlipa fidia akahama, na mwaka 1964 pakawa bustani ya wanyama. Mahali tulipotazamia ndege palikuwa shamba la mtu! Huenda naye alikuwa na debe lake bovu.

Nikawaambia wenzangu. Mmoja akasema nakuza mambo, ndege ni wa Mungu. Mwingine, mwenye akili za hesabu, akasema bila watazamaji na pesa zao hifadhi zitaliwa zote. Wote wawili wana hoja. Lakini kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Wakija milioni moja, na huja, ni tani kumi kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana huko kwenye mashamba makubwa serikali hurusha ndege ya chuma kumwaga sumu juu ya ndege wa nyama. Kiingilio changu hakifiki kwa mwenye mtama.

Tena njaa haijui uzuri. Mwaka 1994, kabla sijazaliwa, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa malaki ndani ya siku chache wakapiga kambi Benaco, hapo hapo Ngara, na wanyama wa mapori ya Burigi na Kimisi wakawindwa mno. Leo mapori hayo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu 2019, na wageni wanakwenda kupiga picha. Mimi siwezi kumhukumu mama aliyetia kitoweo chunguni mwaka ule. Wala siwezi kusema swala yule hakuwa na thamani. Ninayabeba yote mawili na yananilemea.

Nisichokubali ni kwamba kutazama ni anasa ya watu wa mjini. Nilitazama nikiwa na viraka na njaa, na sikufundishwa na mtalii yeyote. Ubaya haukuwa katika jicho langu. Ubaya ni kwamba gharama ya jicho langu aliilipa dada yangu, na hakuna aliyemuuliza.

Juzi nikampigia mama simu. Nikamweleza kwamba tunapanga safari ya siku tatu, vijana watatu na darubini, kuja Keza kutazama ndege. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, kivuko hatungojei tena, basi linapita Geita na Biharamulo moja kwa moja.

Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.

"Mnakuja kutazama ndege," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hao wenzako, mwanangu, wanaweza kupiga debe?"

"Watajifunza."

"Basi njooni mtama ukitia maziwa. Ulingo ule umelegea mguu mmoja, mtaanza na huo."