Uendeshaji wa Yehu

Na Mwalimu Mstaafu



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 9, tunasoma habari za mlinzi aliyesimama juu ya mnara wa Yezreeli. Aliona kundi la watu likija kwa mbali. Uso wa mtu hakuuona, wala sauti hakuisikia, lakini alimtambua kiongozi wao kwa jambo moja tu, yaani namna alivyoliendesha gari lake. Akampelekea mfalme habari kwamba yule hana budi kuwa Yehu, maana alikuja mbio kama mtu asiye na akili zake. Na kweli alikuwa Yehu.

Kisa hiki nilikifundisha mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, nikiwaonya wavulana wenye haraka. Siku hizi nakisoma kwa macho mengine, nami nataka kuwaeleza sababu, ingawa yaniaibisha.

Hapa kwetu wako vijana wapendao magari. Hununua gari lililokwisha kutumika, mara nyingi Subaru, wakalishusha karibu na ardhi, wakalivisha rimu pana, wakabadilisha na bomba la moshi hata likanguruma kama simba. Mwawajua, mmewasikia wakati wa mahubiri. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu, naye kila Jumapili aliliegesha gari lake uani mwa kanisa. Katika kikao cha Baraza la Kanisa mimi ndimi niliyesimama nikasema gari lile halifai kuingia uwanja wa Bwana, na kwamba wenye magari ya namna ile ni wauaji wa kesho. Hoja ikapita. Hakuna aliyeuliza kama kijana amewahi kumgonga hata kuku. Akaambiwa. Tangu Jumapili ile hatukumwona tena, wala hakuna aliyekwenda kumtazama nyumbani kwao.

Miezi michache baadaye nilikuwa nikirudi nyumbani kwa gari langu, gari la kimya, la rangi nyeupe, lisilo na pambo lolote ila rozari ya vumbi. Simu ikalia. Nikainama kuitazama. Nilipoinua macho nilikuwa nimekwisha kutoka katika njia yangu, na mvulana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji alikuwa chini, mguu umevunjika.

Watu wakakusanyika. Sikilizeni walivyosema: “Pole, Mwalimu. Ni bahati mbaya. Hawa watoto nao hawaangalii.” Walinipa pole mimi, na mvulana yu hapo analia! Hakuna aliyeniita mwendeshaji ovyo. Mvi zangu na gari langu jeupe vilikuwa vimenitetea kabla sijafungua kinywa.

Gari la kwanza kusimama kutusaidia lilikuwa lile lenye ngurumo. Mwanafunzi wangu alishuka, akaufunga mguu wa mvulana kwa ubao na kanga ya mama mmoja, akamlaza kiti cha nyuma. Mimi niliketi nimekishika kichwa chake. Njiani nikamwambia kijana aongeze mwendo. Akanijibu kwa adabu, “Mwalimu, ni saa ya watoto kutoka shule. Nikimgonga mwingine nitakuwa nimesaidia nini?” Tukaenda polepole mpaka hospitali.

Nilishtakiwa, nikakiri kosa, nikatozwa faini, nami nagharimia matibabu. Mvulana yule anatembea, lakini anachechemea. Kila nimwonapo, nakumbuka maneno niliyoyasema barazani.

Ndugu zangu, sisemi kwamba vijana hawa hawana kosa. Kijana huyu mwenyewe aliniambia kwamba wamewahi kushindana usiku katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, naye hajivunii hayo. Hiyo ni dhambi, nami nilimwambia hivyo. Kila mwaka, katika miaka hii ya karibuni, watu zaidi ya 4,000 hufa katika barabara za Kenya, na wengi kupita kundi jingine lolote ni waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba ulimwenguni ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote. Na hesabu niliyowafundisha wengi wenu haijabadilika: gari likienda kilomita 100 kwa saa, nguvu zake za kugonga si mara mbili ya lile liendalo 50, bali ni mara nne. Mwendo hauangalii rangi ya gari.

Lakini tazameni jinsi tunavyohukumu. Gari la kawaida likiua, gazeti huandika “ajali”, na sisi husema ni mapenzi ya Mungu. Likiwa ni Subaru lenye bomba nene, jina la gari hutangulia habari yenyewe, na katika simu zetu mzaha huanza kabla maiti haijatolewa. Mama wa marehemu naye ana simu, naye huyasoma hayo.

Na sisi wazee, ni nani aliyewafundisha vijana kuyapenda magari yaendayo mbio? Mimi ni mtoto wa milima ya Taita. Katika miaka ya 1970 mashindano ya Safari yalikuwa yakifanywa wakati wa Pasaka, nasi wavulana tulitoroka ibada ya Ijumaa Kuu tukakae kando ya barabara ya vumbi kuyangoja magari. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976, nchi nzima ilimshangilia. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, tulikaa na wajukuu mbele ya televisheni tukapiga makofi. Gari lile lile lenye ngurumo likipita mbele ya kanisa, twakunja uso. Tofauti ipo, nayo ni kubwa: katika mashindano barabara hufungwa, dereva huvaa kofia ngumu, na watu huonywa wakae mbali. Basi tofauti hiyo ndiyo tuwafundishe vijana, badala ya kuchukia ngurumo.

Mwakumbuka pia sheria za Waziri Michuki za mwaka 2004. Matatu zilitiwa mshipi wa manjano, zikatiwa na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kikawekwa mkanda. Mshipi wa manjano haukumzuia abiria asirushwe nje, mkanda ulimzuia. Tuitazame mizizi, tusishughulike na majani.

Bwana wetu alipashwa habari za watu waliokufa vibaya. Katika Luka 13 alitaja wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza waliomsikiliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakaao wote wa Yerusalemu. Akakataa, akawageuzia neno wao wenyewe: watubu. Hakuwaruhusu kuhesabu dhambi za maiti. Nami siku ile barabarani nilielewa kwamba mnara ungaliweza kuangushwa na mkono wangu.

Tena Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, yamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke akafa na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakukataza kujenga dari. Alimdai mjenzi afikirie uhai wa mgeni wake. Hapo ndipo naona neno letu sote.

Kwanza, ninyi vijana. Ufundi wa mikono yenu ni kipawa cha Mungu. Lakini ukiongeza nguvu ya injini, ongeza na ukingo: breki nzima, tairi nzima, mkanda kiunoni, na mjini usizidi kilomita 50. Barabara ya watu wote si uwanja wako wa mashindano. Na usiku, wahurumieni wagonjwa na watoto wachanga.

Pili, sisi wazee. Simu izimwe tukishika usukani. Tusijifiche nyuma ya gari jeupe. Mlinzi wa Yezreeli alimtambua Yehu kwa uendeshaji wake. Laiti angalinitazama mimi siku ile, asingaliuliza gari langu lina rangi gani.

Tatu, sisi kanisa. Tulimfukuza mtu kwa sababu ya kelele, kisha Mungu akamtuma huyo huyo kutuokota. Katika kikao kilichopita nilisimama tena, nikaomba hoja yangu ifutwe, nayo ikafutwa. Nilikwenda kwao mwenyewe kumwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mwalimu, nitafikiri.” Hajarudi bado. Sina haki ya kumharakisha.

Nawaombeni mmtaje katika sala zenu, pamoja na mvulana wa baiskeli, na pamoja nami. Na mkisikia Jumapili moja ngurumo ikikaribia lango la kanisa, tafadhali msikunje uso. Mmoja wenu atoke nje amwonyeshe mahali pa kuegesha.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.