Mpaka wa Burhani na Dhana

Wauza nguo husema kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na katika kanga na marashi neno hili laweza kuwa kweli, kwa kuwa jicho na pua ni mahakimu wa haraka. Lakini kitabu cha elimu kina shida yake, maana akisomaye ili ajifunze ndiye asiyejua bado lililo sahihi na lililo batili ndani yake. Mwanafunzi atampimaje mwalimu wake, na kama aweza kumpima, ana haja gani naye?

Swali hili hunijia kila nifunguapo vitabu vya mitandao ya neva, yaani hesabu za mashine zilizobuniwa kwa mfano wa seli za neva za ubongo, na shahidi wangu ni kitabu kiitwacho Perceptrons, walichokitoa Marvin Minsky na Seymour Papert huko Marekani mwaka 1969. Miaka 11 kabla yake Frank Rosenblatt alikuwa ameitangaza perseptroni, mashine ijifunzayo kwa kurekebisha uzito wa viungo vyake kila ikosapo, na magazeti yakaipamba kwa sifa, yakitabiri kuwa itatembea, itasema, na kujitambua nafsi yake. Minsky na Papert wakaja na kalamu ya hesabu, wakaionyesha kikomo chake.

Kikomo hicho chafahamika kwa taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini na moja juu: swichi zikihitilafiana taa huwaka, zikilingana huzimika. Ziandike hali hizo nne katika pembe nne za mraba, nawe utaona kuwa pembe mbili za kuwaka zakabiliana kwa mshazari, na mbili za kuzimika vivyo hivyo, wala hapana mstari mmoja ulionyooka uwezao kuzitenga. Perseptroni ya tabaka moja, yaani yenye safu moja tu ya viungo virekebishwavyo, haina chombo cha kuamulia ila mstari huo. Basi taa aiwashayo mtoto gizani yaishinda. Hii ni burhani, wala miaka haiibatilishi.

Lakini watungaji waliongeza neno la pili, kwamba kuzidisha tabaka hakuelekei kuzaa matunda. Neno hili lilikuwa dhana, nao wenyewe walikiri kuwa ni hukumu ya hisia tu, wakawaachia wengine kazi ya kuithibitisha au kuikanusha. Wasomaji wengi walilipokea kama walivyoipokea burhani, na kitabu kikahesabiwa miongoni mwa sababu za utafiti wa mitandao ya neva kudorora. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams wakaonyesha jinsi kosa la mwisho linavyorudishwa nyuma tabaka kwa tabaka, hata kila uzito ukapata fungu lake la lawama na kurekebishwa, na mitandao ya tabaka nyingi ikajifunza mambo yaliyoishinda ile ya tabaka moja. Dhana ikaanguka, burhani ikabaki imesimama palepale.

Naona basi kwamba kitabu cha elimu ni amana, na ubora wake hauwi katika kutokosea, jambo lisilo la wanadamu, bali katika kumwonyesha msomaji mahali yakini inapokoma. Kipimo hiki hata mwanafunzi anacho: hawezi kujua kama dhana ya mwalimu itathibiti, lakini aweza kuona kama ameitwa ashike kalamu akokotoe mwenyewe, na kama ameambiwa waziwazi kuwa njia fulani hutumika kwa sababu imeonekana kufaa, ilhali sababu ya kufaa kwake haijajulikana. Elimu ya mitandao ya neva ina njia nyingi za namna hiyo, na kitabu kinachozifunika kwa alama za hesabu hakina uaminifu, hata kama kila alama ni sahihi.

Kwa mizani hiyo Minsky na Papert hawakuhini amana, ingawa mpaka wao waliuchora kwa wino hafifu, na dhana yao ikatembea mjini imevaa joho la burhani. Nguo ya kuazima haisitiri. Lakini nani alaumiwe, aliyeliacha joho mlangoni, au sisi tulioliona tukainama bila ya kumtazama uso aliyelivaa?