Je, Anyamazaye Ana Hatia?

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Twawafundisha watoto methali hii, wala hatujiulizi kama yatufundisha hekima au yatufundisha kuunyamazia uovu. Yafaa tuipime kwa mambo yaliyotokea kweli.

Katika kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, pana genge la siku nyingi liitwalo Cosa Nostra, lijulikanalo zaidi kwa jina la Mafia, wala halihusiani na kisiwa chetu chenye jina hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980 genge hili lilipokea malighafi ya dawa za kulevya kutoka Asia, likatengeneza heroini na kuiuza Marekani. Hakimu Giovanni Falcone wa Palermo alisifika kwa kuzifuata fedha zake katika mabenki, nchi hata nchi. Lakini mizizi ya mti huo mkubwa ilikuwa mtaani. Mwenye duka alitozwa fedha na genge ili mali yake isichomwe moto. Akatoa, akanyamaza.

Je, mtu huyo ana hatia? Wako watakaosema anayo, kwa maana fedha zake zalilisha genge. Wengine watasema hana, kwa maana ana watoto, na aliyeelekezewa bastola hana hiari. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimemtazama mtu mmoja tu, zikawasahau jirani zake.

Mwezi wa Januari 1991 Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo huko Palermo, alitangaza gazetini kwamba hatalipa. Wenye viwanda wenzake hawakusimama naye. Tarehe 29 Agosti mwaka huo huo alipigwa risasi akafa. Falcone naye aliuawa tarehe 23 Mei 1992, pamoja na mkewe na walinzi watatu. Padre Pino Puglisi, aliyewalea vijana wa mtaa wa Brancaccio wasije wakaingia katika genge, aliuawa tarehe 15 Septemba 1993. Methali yaelekea kusema kweli.

Lakini tutazame na upande wa pili. Katika mji mdogo wa Capo d'Orlando, kisiwani humo humo, wenye maduka waliunda chama chao mwishoni mwa mwaka 1990. Wakaenda mahakamani pamoja kutoa ushahidi, na mwaka 1991 waliokuwa wakiwatoza fedha wakahukumiwa. Baadaye, mwaka 2004, vijana wa Palermo walianzisha chama cha Addiopizzo, ambacho huwahimiza wananchi wanunue kwa wenye maduka wasiolipa genge. Hatusemi kwamba watu hao walikuwa na moyo mkuu kumpita Grassi. Ila genge laweza kumwua mmoja ili kuwatisha mia. Mia wakisema pamoja, halijui limwanze nani.

Sisi tuliosimama mbele ya darasa miaka mingi twalijua jambo hili kwa udogo wake. Mtoto mwenye nguvu akiwanyang'anya wenzake chakula, hasemi hata mmoja. Akitokea mmoja akasema, na wengine wakamcheka, hatasema tena mtu mwaka mzima. Wakisema watano, ubabe umekwisha siku ile ile.

Basi twaona hivi: kuogopa si hatia, wala haifai sisi tulioketi salama kumhukumu mwenye duka aliyelipa akitetemeka. Hatia huanza pale mmoja anaposema kweli, nasi tukafunga milango yetu. Serikali nazo zina wajibu wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya magenge ya uhalifu yavukayo mipaka, uliotiwa sahihi Palermo penyewe mwezi wa Desemba 2000, wazitaka nchi ziwalinde mashahidi. Lakini askari hawezi kukaa kwenye kila mlango, na jirani tayari yupo hapo.

Kwa hiyo tutakapowafundisha tena watoto ile methali, tusiishie kwenye kicheko na kilio. Tuwaulize pia: yule shujaa alipotoka nyumbani kwake siku ile, jirani zake walikuwa wapi?